Kumaliza Chuo Mapema au Kukaa Mpaka Mwaka wa Nne? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa naongelea vyuo vya Marekani vinavyochuja sana wakati wa kuchukua wanafunzi, kina Harvard, Yale, Princeton, Stanford na wenzao, maana huko ndo swali hili linawaumiza watu vichwa. Mtu kahangaika miaka kuingia, anafika mwaka wa pili anapiga hesabu ya kozi zake anaona kumbe anaweza kumaliza kwa miaka mitatu au mitatu na nusu, sasa afanyeje. Msimamo wangu nausema kabisa ili usome ukijua nimesimama wapi: kama kuna hela ya kweli itakayookolewa, au kuna sehemu inayokusubiri, kazi au masomo, ambayo unaweza kuitaja kwa jina, ondoka na usiwe na wasiwasi. Kama huna hata kimoja kati ya hivyo, kaa.

Kwani inaruhusiwa?

Sehemu nyingi ndiyo, ila sheria hazifanani kabisa. Shahada ya kwanza kule imezoeleka kuwa miaka minne yaani semesta nane, lakini kinachohesabiwa hasa ni kozi: Yale wanataka krediti (pointi za kozi ulizomaliza) 36 za kozi, Stanford yuniti 180, University of Chicago kozi 42 (hao wawili wa mwisho wanagawa mwaka kwa robo, sio semesta), na vyuo vingi vya kawaida krediti kama 120. Ukishatimiza hizo pamoja na masharti ya meja yako (fani kuu unayosomea) na zile kozi za lazima za kila mtu, ndo unaweza kuanza kuongea habari za kuondoka.

Halafu kuna kitu watu hawakisomi, idadi ya chini ya semesta unazotakiwa uwe umesoma palepale chuoni, kwa hiyo hata ukija na krediti nyingi kutoka nje kuna kiwango hazivuki. Na krediti za mitihani ya sekondari kama AP, IB au A-Level kila chuo kinazipokea kivyake. Dartmouth kwa mfano waliacha kutoa krediti za AP kuanzia darasa la wanaohitimu 2018, mtihani unaweza kukurusha ukaanza kozi ya juu lakini haukupunguzii idadi ya kozi za kumalizia. Yale wao wana krediti za kuharakisha, mtu akizitumia anaweza kumaliza kwa semesta saba au hata sita. Kwa hiyo usimsikilize rafiki yako wa chuo kingine, na usisome sheria za mwaka huu kama wewe uliingia miaka miwili iliyopita, soma zile za mwaka ulioingia wewe.

Nitaokoa hela kiasi gani?

Hili ndo swali la kwanza kabisa na jibu lake linategemea nani analipa, sio bei iliyoandikwa. Chukua Harvard mwaka wa masomo 2024–25: ada peke yake ilikuwa dola 56,550, ukijumlisha chumba, chakula na malipo mengine inafika dola 82,866. Kama familia yako inalipa hiyo yote, mwaka mmoja ukiukata ni hela ya kubadilisha maisha ya watu nyumbani na hakuna mtu ana haki ya kukwambia eti usiwaze hela. Semesta moja ni nusu yake, bado ni nyingi.

Sasa geuza. Harvard walitangaza Machi 2025 kwamba kuanzia 2025–26 familia yenye kipato cha dola 100,000 kwa mwaka au chini haitalipa kitu, na ya 200,000 au chini haitalipa ada, kwa familia zenye mali za kawaida. Princeton na wengine wana mipango ya namna hiyohiyo. Kama wewe ni wa kundi hilo, ukiondoka mapema hujaokoa chochote, umeacha mezani mwaka mzima wa masomo, chumba, chakula, bima na maabara ambao ulikuwa umeshalipiwa. Na haurudi. Ukishakuwa na shahada ya kwanza hata ile Pell Grant, msaada wa serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo, kwa kawaida hupewi tena, na huko mbele mastazi nyingi unalipa mwenyewe.

Walioko katikati ndo wenye hesabu ngumu. Angalia barua yako ya msaada wa fedha, ona sehemu ya mkopo na sehemu ambayo mzazi anatoa mfukoni, hizo mbili ndo akiba yako, basi. Mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi una kikomo cha dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili na 7,500 kuanzia wa tatu, kwa hiyo mwaka wa nne kwa upande huo unakuongezea deni lisilozidi dola 7,500. Mikopo ya benki haina huruma hiyo, kama mwaka wa nne utaufanya kwa mkopo wa benki wenye riba kubwa aisee mi ningekwambia maliza. Kumbuka pia marejesho ya mkopo wa serikali yanaanza miezi sita baada ya kuacha kusoma, ukiwahi kumaliza na deni nalo linawahi.

Lakini nikimaliza mapema si naanza kupokea mshahara mapema?

Ukiwa na kazi mkononi, ndiyo, na huo mshahara uweke kwenye hesabu. Ukiwa huna kazi mkononi usiuweke, maana hapo unajumlisha hela ambayo haipo.

Watu wanasema mwaka wa nne ndo mtamu. Ni kweli au ni hadithi za wazee wa chuo?

Ni kweli, na sio kwa sababu ya sherehe. Angalia hiyo miaka inavyopangwa: wa kwanza unazoea na kufanya kozi za lazima, kwenye ukumbi mna watu mia mbili na profesa hakujui. Wa pili unachagua meja. Wa tatu unaanza kuingia kwenye madarasa madogo. Wa nne ndo unakaa meza moja na profesa na wanafunzi kumi na wawili, unaruhusiwa kuingia kozi za wanafunzi wa uzamili, una maabara inayokujua, na unaandika tasnifu ambayo kwa mara ya kwanza ni swali lako sio la mwalimu. Princeton wanaona hiyo kazi ni muhimu kiasi kwamba kila anayesomea shahada ya A.B. (yaani B.A.) lazima aandike tasnifu mwaka wa mwisho. Kwenye idara nyingi bila tasnifu hupati heshima za idara (honors, sifa ya kufaulu vizuri zaidi), na tasnifu yenyewe inakula semesta mbili, zinazofuatana.

Kwa hiyo kihesabu mwaka wa nne ni robo ya chuo, lakini ukiangalia kinachofundishwa na unayefundishwa naye, ni zaidi ya robo. Chuo kinachochuja sana ugumu wake ni mlangoni. Ukishakuwa ndani kila profesa, kila maktaba, kila mfuko wa utafiti ni wako kuomba, na siku unayotoka unakuwa mtu wa nje kama wengine. Miaka mitatu baadaye ukitaka kumwomba mtaalamu mkubwa wa fani yako akupe saa moja kila wiki, hakuna hela inayonunua hicho kitu. Hapa ndo nawasihi sana wale wanaokimbia bila sababu.

Kuna wanaoweza kuyapata haya ndani ya miaka mitatu kwa sababu waliingia na msingi mkubwa, mwaka wa kwanza tu wako kwenye kozi za juu na mwaka wa pili wako maabara. Hao wapo. Jiulize kwa ukweli kama wewe ni mmoja wao, na kipimo chake ni rahisi, je kuna maprofesa watatu wanaojua unachofikiria, sio jina lako tu na gredi.

Kuhusu kazi, kumaliza mapema kunanisaidia au kunaniumiza?

Mwajiri hajali sana kama ulisoma miaka mitatu au minne, shahada ni ileile. Kinachoumiza ni intanshipu (mafunzo ya muda mfupi kazini). Kampuni nyingi kubwa, hasa benki za uwekezaji, washauri wa biashara na kampuni za teknolojia, zinaajiri kupitia likizo ya kiangazi kati ya mwaka wa tatu na wa nne: unafanya intanshipu, wakikupenda wanakupa ofa, unarudi kumaliza. Benki nazo zinaanza kutafuta watu wa hiyo intanshipu zaidi ya mwaka mmoja kabla. Sasa ukimaliza kwa miaka mitatu, kiangazi chako cha mwisho ni kile baada ya mwaka wa pili, maana yake ulitakiwa uwe umejua hili tangu mwaka wa kwanza na ukaomba ukiwa na kozi chache kwenye transkripti (karatasi ya matokeo yako). Walioamua katikati ya mwaka wa tatu kwamba wanaondoka Mei wanakuta mlango umeshafungwa.

Na kosa lingine la kiufundi: fomu za intanshipu zinauliza tarehe ya kuhitimu. Wengi wanachukua tu anayerudi chuoni baada ya kiangazi. Ukiandika tarehe ya mapema mfumo unakutupa nje kabla mtu hajasoma jina lako. Usidanganye tarehe, ila amua kabla ya kuanza kuomba.

Kama tayari una ofa ya maandishi, waandikie uwaulize kama wanaweza kusogeza tarehe ya kuanza. Wengine wanakubali, wengine wana kundi moja tu linaloanza kiangazi.

Nataka PhD au udaktari wa tiba, je?

Hapa nakuwa mkali kidogo. Maombi ya PhD mengi dedlaini zake ziko Desemba, mwaka mmoja wa masomo kabla ya kuanza, na yanataka barua tatu za watu waliokuona ukifanya utafiti. Anayemaliza miaka mitatu anaomba akiwa na semesta nne tu kamili nyuma yake na ya tano inaendelea, atazitoa wapi hizo barua? Anashindana na watu wenye tasnifu karibu kuisha na viangazi viwili vya maabara. Unaweza kumaliza mapema ukafanya kazi ya maabara mwaka mmoja au miwili halafu uombe, hiyo ni njia nzuri na wengi wanaipita, ila basi jua hujaokoa muda.

Tiba vilevile. Maombi yanapelekwa kuanzia mwisho wa Mei na Juni ya mwaka unaotangulia ule wa kuanza, na kabla ya hapo uwe umefanya MCAT (mtihani wa kuingia shule ya tiba), una kozi zote za sayansi, una saa za kukaa na wagonjwa. Ukitaka kuunganisha moja kwa moja baada ya miaka mitatu unatakiwa uombe mwishoni mwa mwaka wa pili. Kwenye shule za sheria kuna watu wanaingia wakiwa wadogo na wanafanya vizuri tu. MBA wanataka miaka ya kazi, kwa hiyo huko kumaliza mapema hakuna shida.

Niko na viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni). Kuna cha kuangalia?

Kipo, tena kikubwa. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote, kabla hata ya msajili.

I-20 yako, ile fomu ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, ina tarehe ya mwisho wa programu. Ukimaliza mapema hiyo tarehe inarudishwa nyuma, na kila kitu kinahesabiwa kuanzia hapo, huwezi kukaa tu ukisubiri wenzako wa Mei kwa sababu karatasi inaonyesha Mei. Maombi ya OPT (ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako baada ya kumaliza) yanafunguliwa siku 90 kabla ya mwisho wa programu na yanafungwa siku 60 baada yake, na hizo siku 60 ndo muda wako wa kukaa nchini kama hujaomba kitu. OPT ni miezi 12, waliosoma fani za STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) wanaweza kuongeza miezi 24. Ndani ya ile miezi 12 ukikaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla umeharibu hali yako ya viza.

Sasa hili la kumaliza Desemba, yaani semesta moja kabla ya Mei ya kawaida, wengi hawaambiwi. Bahati nasibu ya H-1B (viza ya kazi ya wataalamu) kwa kawaida usajili wake ni Machi, na kazi inaanza Oktoba. Ukimaliza Mei na huna STEM, Machi inayofuata inakukuta uko kazini karibu miezi tisa, bosi anakujua, OPT yako bado hai. Ukimaliza Desemba, OPT yako inaanza Januari au Februari, Machi inakuja ukiwa na wiki chache tu kazini na unatakiwa umwombe mwajiri akusajili, na Machi ya pili inakuta ile miezi 12 imeshaisha. Mwenye STEM hana presha hii. Asiye na STEM aifikirie sana, kwangu mimi hii peke yake inatosha kumfanya mtu amalize Mei badala ya Desemba. Sheria hizi zinabadilikabadilika, kwa hiyo hakikisha na ofisi yenu kila mwaka.

Nikiondoka semesta moja tu mapema?

Kwa raia au mwenye makazi ya kudumu hii mara nyingi ndo njia ya katikati nzuri. Unapata kiangazi cha intanshipu kama kawaida, unapata muda wa kujuana na maprofesa, unaokoa nusu mwaka. Shida ni tasnifu ya semesta mbili, uianze mwaka wa tatu muhula wa pili na hapo idara ikubali, na shida nyingine ni kozi zinazofundishwa mara moja tu kwa mwaka. Hiyo ya kozi za mara moja ndo inavunja mipango ya watu kuliko kitu kingine chochote, umebakiza kozi moja ya meja na inafundishwa muhula wa pili tu, basi utakaa.

Nibebe kozi sita kwa semesta ili niwahi?

Hapana, labda semesta moja, na kwa ruhusa ya mshauri wako wa masomo. GPA (wastani wa alama zako) ikishuka inabaki kwenye transkripti miaka yote, mwaka uliookoa hakuna anayeuona.

Kuna njia nyingine ya kutumia krediti zangu za ziada?

Zipo na nashangaa watu hawaziulizii. Stanford wana mpango unaomruhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuanza mastazi akiwa bado hajamaliza. Harvard na Yale nao wana utaratibu wa kuchukua shahada ya kwanza na ya uzamili kwa pamoja kwenye fani kadhaa, kwa wanaofikia vigezo. Miaka minne, shahada mbili, na kama miaka hiyo inafunikwa na msaada wa chuo hilo ni jambo kubwa sana.

Ukiona hilo sio lako, punguza mzigo: semesta za mwisho chukua idadi ya chini inayoruhusiwa, muda unaobaki uweke kwenye utafiti, lugha mpya, kazi ya maana. Wa F-1 mkumbuke lazima kubaki na krediti zisizopungua 12 kwa semesta (kwa hesabu ile ya vyuo vya krediti 120) isipokuwa ile semesta ya mwisho kama zimebaki chache, na hata hapo kwa idhini ya ofisi.

Kuna watu maarufu waliofanya hivi?

Wapo. J. Robert Oppenheimer aliingia Harvard 1922 akamaliza kemia 1925. John Roberts, Jaji Mkuu wa Marekani, naye alimaliza Harvard kwa miaka mitatu, 1973 mpaka 1976. Ila ninayempenda kumtaja ni Franklin D. Roosevelt, alitimiza masharti ya shahada yake pale pale Harvard kwa miaka mitatu, 1903, halafu akabaki mwaka wa nne ili aongoze gazeti la wanafunzi la Harvard Crimson. Alikuwa na kitu cha kufanya pale ambacho asingekipata kwingine. Huyo ndo mfano wa swali unalotakiwa kujiuliza, ni nini kiko hapa ambacho nikitoka sitakipata, na ni nini kiko nje ambacho hakiwezi kunisubiri.

Nimechoka, sina raha hapa, nataka tu kuondoka.

Pole sana, na nakuomba hili ulitenganishe na yote ya juu. Uchovu, upweke, msiba, au kuona kila mtu ana akili kukuzidi, hivyo vina dawa yake na dawa sio kubeba kozi nyingi zaidi ili uwahi kutoka, maana hapo unajiongezea mzigo wakati huna nguvu. Vyuo karibu vyote vina likizo ya masomo, unaondoka semesta moja au mwaka, unapumzika, unafanya kazi, unarudi na msaada wako wa semesta zilizobaki mara nyingi uko palepale, ila uliza kwanza kwa maandishi, na wa F-1 waulize mara mbili kwa sababu likizo inagusa viza. Ongea na washauri wa afya ya akili wa chuo leo, usisubiri mpaka mitihani iishe. Ukisharudi vizuri ukaona bado unataka kumaliza mapema, sawa, uamuzi utakuwa wako wa kweli.

Wazazi wanataka nimalize haraka, mimi nataka kukaa.

Waonyeshe karatasi. Wazazi wengi wanawaza bei kamili wakati mtoto analipiwa sehemu kubwa, wakiona kwamba mwaka wa nne unawagharimu wao kiasi fulani na sio ile dola 80,000 na kitu maongezi yanakuwa mengine. Na kama kiasi chenyewe kweli kinawaumiza, kuna wadogo zako wanangoja ada, basi wasikilize, na wewe nenda ofisi ya msaada wa fedha uombe waangalie upya, hali ya familia ikibadilika wana utaratibu wa rufaa.

Nitakosa mahafali na marafiki zangu?

Mara nyingi unaruhusiwa kurudi Mei kwenye mahafali pamoja na darasa lako. Marafiki watakuwepo, ila maisha ya kila siku nao hayatakuwepo, na usilichukulie kama jambo dogo, watu mliokua pamoja umri huo hamkai tena nyumba moja.

Nikishaomba kuhitimu mapema naweza kughairi?

Kabla shahada haijatolewa rasmi, kwa kawaida ndiyo, unaandika kwa msajili na unarudisha tarehe yako ya zamani. Angalia tu mambo matatu kwa haraka: chumba cha bweni unaweza kuwa umeshakiachia, msaada wa fedha wa semesta inayofuata unaweza kuwa umeondolewa na inabidi urudishwe, na kama uko F-1 basi I-20 irekebishwe kabla tarehe mpya haijafika. Baada ya shahada kutolewa imekwisha, wewe sio mwanafunzi wao wa shahada ya kwanza tena na hawakurudishi. Kwa hiyo kama una shaka hata kidogo peleka ombi karibu na dedlaini, usilipeleke mapema.